Tarehe ya Kupokelewa

Mhariri Mkuu alimkaribisha kwa adabu nyingi mno, na Inspekta hakuwahi kuiamini adabu inayomwagwa kabla hujaketi. Miaka ishirini na saba ya polisi ilimfundisha kwamba asiye na hatia hukuuliza umefuata nini. Mwenye lake jambo hukuuliza utakunywa nini.

"Chai au kahawa, mama?"

"Maji," alisema Inspekta, akakaa.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Kesho yake saa tatu kamili Kamati ya Nidhamu ya chuo kimoja kidogo ingekaa kumjadili msichana mtafiti wa fizikia na, kwa kila dalili, ingemfukuza kwenye masomo ya uzamivu kwa wizi wa kitaaluma. Wenzake walimwita Binti Fundi, maana baba yake alikuwa fundi wa mafriji, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Baba mtu alimwandikia Rais wa Chama cha Wanafizikia, akidai kwamba mwanawe ndiye aliyeibiwa. Rais aliona aibu kuitupa barua ya mzazi. Akamtafuta Inspekta, aliyekwisha staafu lakini hata muuza mboga bado alimwita kwa cheo, akampa barua ya kumfungulia kila mlango wa Chama na siku tatu za kazi. Mbili zilikuwa zimekwisha, na Inspekta alianza kushuku kwamba aliajiriwa ili asipate kitu.

Mezani palikuwa na makala mbili, moja yenye rangi na nyingine ya karatasi za kawaida.

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako," alisema Inspekta. "Shangazi anayekupenda lakini hana subira."

Mhariri Mkuu alicheka kidogo, akaigusa ile ya rangi. "Hii ni ya Profesa."

"Yule wanayemwita Kipaza?"

"Wanafunzi wana utani. Ana sauti, basi. Profesa alipima jinsi joto linavyopita katika utando mwembamba wa metali uliopozwa sana. Ukiupasha taratibu, mstari wa grafu unatakiwa kupanda bila kikwazo. Yeye akaona vinundu. Vinundu sita, vimeachana kwa nafasi sawa kabisa. Akahitimisha kwamba joto halitiririki mle ndani, bali linavuka kwa mafungu."

"Hiyo ni habari kubwa?"

"Kubwa hata tukaifanya Makala Teule." Alionyesha ukutani, ambako majalada ya jarida la Chama yalikuwa yamewekwa kwenye fremu za kioo, la mwisho likiwa na vinundu sita vya rangi ya dhahabu. "Kila mwezi tunapokea makala mia tatu, tunachapa arobaini. Mbili tu tunazinyanyua. Zinapata jalada, ukurasa wa maelezo kwa lugha ya watu wa kawaida, na taarifa kwa magazeti na redio. Makala nyingine husomwa na watu tisa, na wanne kati yao ndio walioiandika. Makala Teule husomwa mpaka na mawaziri."

"Nani anachagua?"

"Mimi. Kwa ushauri."

"Wa nani?"

"Wa uzoefu."

Inspekta aliandika neno hilo, akalipigia mstari. "Na huyu binti?"

"Alituletea makala ile ile. Utando ule ule, kasi ile ile ya kupasha, nyuzi zile zile za joto. Ila hana vinundu. Ameiga kila kitu, akaacha ugunduzi!" Mhariri Mkuu alitikisa kichwa kwa huruma. "Ya Profesa ilipokelewa tarehe 19 Aprili. Ya binti, tarehe 3 Juni. Katikati, mwezi wa tano, Profesa aliisoma kazi yake kwenye mkutano wetu. Binti alikuwepo, mstari wa mbele, akipiga picha kila slaidi. Tunao mashahidi. Mama, tarehe haina shangazi wala mjomba."

Ilikuwa hoja nzito. Inspekta alikunywa maji yake, akashukuru, akatoka. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba kilichong'arishwa: *Tangu kupokelewa hadi kukubaliwa: wastani wa siku 38.* Alikisoma mara mbili, akashuka ngazi.

Mapokezi ya makala yalikuwa chini, chumba kisicho na dirisha kati ya choo na ghala la mafaili. Fremu za kioo ziliishia ghorofa ya juu. Mwanamke wa makamo, sweta begani na malapa chini ya meza, alikuwa akibonyeza kompyuta bila kuitazama. Kila makala ya miaka kumi na tisa ilikuwa imepita mikononi mwake, na jina lake halikuwahi kuchapwa hata mara moja. Waliomfahamu walimwita Mama Mapokezi.

"Dada, nisaidie jambo dogo," alisema Inspekta. "Makala ya yule binti ilifika lini?"

"Ipi?"

"Kwani zipo ngapi?"

Mama Mapokezi alitazama mlango. Inspekta alinyanyuka, akaufunga, akarudi kukaa. Alikuwa na subira nyingi kwa watu waliotaka kusema.

"Umekiona kile kibao huko juu?" aliuliza Mama Mapokezi.

"Nimekiona. Nikasema hawa watu wana mbio."

"Hawana mbio zozote, dada yangu. Makala ikianza kukawia, ikipita siku sitini na ushee wahakiki wanaoisoma kabla ya kuchapwa bado wanabishana, inarudishwa kwa mwenyewe. Barua inasema imekataliwa, lakini anakaribishwa kuirekebisha na kuileta kama mpya ndani ya siku sabini. Akiileta, inapewa namba mpya na tarehe mpya. Saa inaanza sifuri."

"Na tarehe ya kwanza?"

"Inazikwa na faili lililofungwa. Huioni tena popote."

"Waandishi wanajua?"

"Wakubwa wanajua. Wao wanapiga simu, na makala zao hazirudishwi. Wadogo wanaandika kushukuru kwa kukaribishwa tena." Alisema hivyo bila chuki, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kuliko yote.

Aliiweka barua ya Rais mezani. Mama Mapokezi aliisoma, akavaa miwani, akaisoma tena, kisha akaandika nywila polepole kwa kidole kimoja. Faili lilifunguka.

Tarehe 14 Januari.

Inspekta alifurahi, wala hakujificha. Miezi mitatu kabla ya Kipaza! Na grafu ilikuwa pale pale, vinundu sita vimejipanga, bila rangi ya dhahabu. Hakuna mtu anayeweza kuiba mwezi wa kwanza kitu kitakachosomwa hadharani mwezi wa tano.

"Wahakiki walisemaje?"

"Wa kwanza aliandika, 'Kazi nzuri. Ichapwe.' Basi. Wa pili aliandika kurasa nne. Faili likafungwa tarehe 30 Machi."

"Huyo wa pili ana uhusiano gani na Kipaza?"

"Muulize mwenyewe. Simu yake hii. Lakini ana maneno makali, nakuonya."

Inspekta alikuwa amekwisha kumtia hatiani huyo Mhakiki wa Pili kabla simu haijaita. Nani mwingine angevujisha makala kama si mtu aliyeisoma kwa undani na kuikataa kwa kurasa nne? Simu ilipokelewa na sauti ya mzee, mwalimu mstaafu, aliyeonekana kukerwa na simu, na Alhamisi, na dunia kwa jumla.

"Nani kakupa namba hii?"

"Chama. Nachunguza ile makala ya vinundu."

"Hatimaye! Nilimwandikia yule binti akachunguze chumba cha jirani. Vinundu vilivyoachana sawasawa namna ile vinatoka kwenye mashine. Nikamwambia apime tena. Si mjinga yule, ana mkono mzuri wa kazi."

"Ulimwambia Profesa kuhusu makala hiyo?"

"Kipaza? Hajanisalimia tangu nimkosoe mbele ya watu, na sasa ni mwaka wa kumi na moja. Nilipoona vinundu vile vile kwenye jalada nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Kisha nikamwandikia Mhariri Mkuu. Nikamwandikia tena."

"Alikujibu?"

"Alinitumia kalenda ya Chama."

Simu ilikatwa. Inspekta alimfuta mzee kichwani mwake, shingo upande, maana alikuwa mtuhumiwa mzuri. Akamgeukia Mama Mapokezi.

"Faili likishafungwa, kuna anayelifungua?"

"Hakuna haja."

"Hili lilifunguliwa?"

Mama Mapokezi alibonyeza mara mbili. "Tarehe 2 Aprili. Nakala moja ilitolewa kwenye printa."

"Kwa jina la nani?"

Mama Mapokezi aliigeuza skrini ili Inspekta asome mwenyewe.

Chuo kilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Maabara ya Binti Fundi ilikuwa chumba cha nyuma cha jengo la sayansi, chenye mabomba yaliyofungwa kwa utepe wa gundi na mtungi wa chuma katikati, na ukuta wake mmoja ulipakana na idara ya baiolojia. Binti mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tisa na macho ya mtu asiyelala wiki nzima. Baba yake alikuwa amekaa juu ya kisanduku cha vifaa, ovaroli safi, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama," alisema binti.

"Marahaba. Ulikuwepo kwenye mkutano wa mwezi wa tano?"

"Nilikuwepo."

"Ukapiga picha slaidi zake."

"Kumi na nne."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zilikuwa zangu." Alisema haraka, kisha sauti ikamshuka. "Niliiona grafu yangu imejaa ukuta mzima. Nikamgeukia jirani yangu nikamwambia, ile ni yangu. Alinyanyuka akaenda kukaa kiti kingine."

Fundi alikohoa. "Mama Inspekta, hebu kaa hapa karibu na ukuta. Usiseme kitu."

Wakakaa. Maabara ilikuwa kimya isipokuwa mlio mwembamba wa vyombo. Halafu ukuta ukagutuka ghafla, na mngurumo ukaanza upande wa pili, taa ya mezani ikafifia kidogo ikarudi.

"Kompresa ya chumba cha baridi cha baiolojia," alisema Fundi. "Wanahifadhi sampuli zao humo. Iko kwenye laini moja ya umeme na vyombo vya huyu. Nilikuja Aprili kumletea funguo za nyumbani, nikasikia, nikamuuliza: mwanangu, hii inawaka kila baada ya dakika ngapi? Hakuwa anajua. Sauti ya kila siku mtu haisikii tena."

"Inawaka kila baada ya dakika ngapi?"

"Hesabu mwenyewe. Usiniamini mimi, mimi ni baba yake."

Inspekta alipenda jibu hilo. Alivua saa ya mkononi akaiweka gotini, wakangoja. Ukuta ulipogutuka tena zilikuwa zimepita dakika ishirini na mbili.

"Wewe unapasha kwa kasi gani?" alimuuliza binti.

"Uzi mmoja wa joto kila dakika kumi."

"Kwa hiyo dakika ishirini na mbili ni nyuzi mbili na pointi mbili."

"Ndiyo, mama."

Inspekta aliifungua makala ya rangi, akafuata kwa kidole mpaka ukurasa wa nne. Vinundu vya Profesa viliachana kwa nyuzi mbili na pointi mbili. Alifunua nyuma kidogo, akasoma kwa sauti: utando ulipozwa kwa naitrojeni kimiminika.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kama maji ya baridi kali, mama. Unayamimina kwenye chupa maalumu, yanapoza yenyewe. Hakuna mota."

Inspekta alipiga simu papo hapo, akaiweka kwenye spika. Haikuwa na haja ya spika. Kipaza alipoitikia, Fundi aliisogeza simu mbali juu ya meza.

"PROFESA HAPA!"

"Profesa, natoka Chamani. Swali moja la shangazi. Ungepasha utando wako polepole mara mbili ya ulivyopasha, vinundu vingekaa wapi?"

"PALE PALE, MAMA! NI TABIA YA METALI!"

"Ulijaribu?"

"Muda," alisema Kipaza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kwanza pengine katika maisha yake, "haukuruhusu."

"Karibu na vyombo vyako kuna mashine yoyote inayowaka na kuzimika?"

"Hakuna! Maabara yangu ndiyo tulivu kuliko zote. Imeandikwa kwenye makala."

"Asante sana, Profesa."

Fundi alimtazama Inspekta, mdomo ukimcheza. "Kwa hiyo chupa isiyo na mota imenguruma kila dakika ishirini na mbili. Labda ilikuwa inakoroma."

Inspekta alicheka. Kazi ilikuwa imekwisha, au hivyo ndivyo alivyoamini. Kipaza hakuiba ugunduzi, aliiba hitilafu ya umeme wa watu wengine, na Chama kikaipaka dhahabu kikaipeleka redioni.

"Kesho nitaweka matoleo yako yote mawili mbele ya Kamati," alimwambia binti, akikusanya karatasi.

"Yote mawili, mama?"

"Yote mawili. Kwa nini?"

"Hakuna kitu."

Binti alikuwa akitazama viatu vyake. Inspekta aliliona hilo, na kwa kuwa alikuwa akijisifu moyoni mchana ule, aliliacha lipite. Ni kosa ambalo angemkaripia koplo yeyote.

Saa tisa alasiri alikuwa amekaa tena mbele ya Mhariri Mkuu. Safari hii hakuulizwa atakunywa nini.

"Tarehe 2 Aprili," alisema Inspekta, "ulikuwa unatafuta nini kwenye faili lililofungwa?"

"Huwa napitia mafaili mengi."

"Umepitia lililofungwa moja tu mwaka huu. Ukalitoa nakala."

Mhariri Mkuu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alipoivaa tena, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, na Inspekta aliuona kuwa wa kweli kuliko ule wa asubuhi.

"Unajua ilivyo," alisema, "kushika mikononi kitu ambacho kinaweza kuwa kikubwa, na jina lililo juu yake halijulikani na mtu, na anwani ni ya chuo ambacho magazeti hayajawahi kukisikia? Nisingeweza kuifanya teule. Hakuna ambaye angeisoma. Nilimpa Profesa aithibitishe. Arudie kipimo, basi. Kama ni kweli, wangeandika pamoja."

"Akarudia?"

"Aliniambia amerudia."

"Na jina la binti?"

"Aliniambia kazi yake imekwenda mbali kuliko ya binti. Kwamba ni kazi nyingine."

"Ukamwamini."

"Nilikuwa na jalada la mwezi wa nane halina kitu," alisema Mhariri Mkuu. "Nilitaka kumwamini."

"Na barua za Mhakiki wa Pili?"

"Zilikuja jalada likiwa limekwisha chapwa."

"Asubuhi ulikaa hapa ukaniambia tarehe haina shangazi wala mjomba. Kesho saa tatu wataisikia ile ya kwanza." Inspekta alinyanyuka. Alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira tamu ya mtu anayeshinda.

"Umezihesabu nukta, Inspekta?"

"Nukta zipi?"

Mhariri Mkuu alimsukumia matoleo mawili ya makala ya binti, la Januari na la Juni, na penseli. Hakuwa na furaha usoni, na hilo ndilo lililomfanya Inspekta akae tena.

"Toleo la kwanza lina nukta mia mbili na arobaini. Kila nukta ni kipimo kimoja. La pili lina mia moja tisini na nane. Zimepungua arobaini na mbili. Saba saba, mara sita. Unajua zilikuwa wapi. Sasa soma ukurasa wa tatu."

Inspekta alisoma: *Vipimo vilirudiwa upya katika mazingira tulivu.*

"Ukipima upya," alisema Mhariri Mkuu, "hakuna nukta itakayoangukia pale pale ilipoangukia ile ya zamani. Hata moja. Linganisha hizo mia moja tisini na nane. Zote zimeangukia pale pale. Hakupima. Alizikwangua zilizomkera, akaandika kwamba alipima."

Inspekta alilinganisha. Alianza na kumi, akaendelea mpaka hamsini, kisha akaiweka penseli.

"Peleka toleo la kwanza kesho," alisema Mhariri Mkuu, "na wizi utafutika. Nami nitaondoka kwenye kiti hiki, sawa, nimekitumikia vya kutosha. Lakini wataweka matoleo hayo mawili pamoja, na watafanya hesabu niliyofanya mimi. Wizi wa kitaaluma, kwa mwanafunzi, si lazima kufukuzwa, ni kusimamishwa mwaka mmoja kama akikiri na kuomba radhi. Nimekwisha zungumza na mwenyekiti. Kughushi vipimo ni kufukuzwa, na hakuna chuo kitakachompokea tena." Alikunja mikono. "Simlindi Profesa. Nakuonyesha mlango ambao binti anaweza kutokea."

Baya zaidi ni kwamba alisema kweli.

Binti Fundi na baba yake walikuwa wamemfuata mjini. Aliwakuta kwenye benchi la ukumbi wa chini, nje ya mlango wa Mama Mapokezi, na mkononi mwa Fundi kulikuwa na tai mpya ndani ya karatasi yake, kwa ajili ya kesho. Inspekta alikaa kati yao. Hakutafuta maneno laini kwa kuwa hakuwa nayo.

"Uliwahi kupima tena?"

Binti alifumba macho. "Hapana, mama."

"Nieleze."

"Nilikwenda baiolojia mara mbili kuomba wazime kompresa kwa saa tatu tu. Wakaniuliza, waharibu sampuli za watu kwa ajili ya mstari wa grafu? Siku sabini zilikuwa zinakwisha, zimebaki sita. Nilishajua ni mashine. Nilijua chini ya vinundu mstari unapanda vizuri. Nikazitoa nukta za vinundu."

"Ukaandika kwamba ulirudia."

"Nikaandika kwamba nilirudia."

Fundi aliiweka tai kwenye benchi. "Mimi nilikwambia kompresa inasumbua," alisema polepole. "Sikukwambia ufute."

"Najua, baba."

"Mteja akinilalamikia friji lina kelele, mimi siendi kuziba masikio yake."

"Najua."

Inspekta aliwaeleza milango yote miwili, na kila mmoja unatokea wapi. Alieleza kama ilivyo. Alipomaliza, Fundi ndiye aliyesema kwanza.

"Chukua mwaka mmoja, mwanangu. Mwaka unapita."

"Unataka niseme mimi ni mwizi, baba?"

"Nataka urudi darasani." Sauti ya mzee ilikuwa imekatika. "Hata wakuite nini."

Binti alimshika baba yake mkono, akautazama mkono ule, kucha zenye grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Kisha alimgeukia Inspekta. "Na Profesa watamfanya nini?"

"Watamtaka aandike masahihisho. Sentensi mbili au tatu, nyuma ya jarida."

"Basi?"

"Basi. Kazi yake anayo, na jalada lilishachapwa." Katika kesi mia Inspekta aliwahi kuona wezi wakubwa wakitoka kwa mlango wa mbele, lakini hakuwahi kuuzoea mlango huo. "Si haki, binti yangu. Sitakudanganya kwamba ni haki."

Binti alisema, "Andika yote, mama. Na la kufuta liandike. Nikikubali wizi, vile vinundu vitabaki kuwa vya metali, na watu watavitafuta miaka kumi. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa kosa nililofanya."

Fundi aligeuza uso ukutani.

Inspekta alifungua daftari juu ya magoti, akaandika maelezo ya binti kwa maneno machache, mpangilio wa polisi, tarehe baada ya tarehe. Alipofika mahali penyewe aliandika kwamba mhusika aliondoa baadhi ya nukta. Ndilo jambo pekee la wema aliloweza kulifanya, neno moja lisilo na kipimo, ambalo mwanakamati mwenye huruma angeweza kupita juu yake. Akamsomea.

"Si baadhi," alisema binti. "Andika idadi. Ni arobaini na mbili."

Inspekta alilifuta neno lile, akaandika arobaini na mbili. Binti alisoma tena kutoka juu, akatia sahihi, Fundi akatia yake kama shahidi bila kusoma.

Kisha binti akauliza kama vitabu vya maktaba aje navyo kesho asubuhi, ili akitoka tu kwenye kikao avirudishe.